Alama Mpya ya Mwizi

Baba alikuja kukaa nami Kware, Nairobi, baada ya kuteleza kisimani huko nyumbani Ukambani na kuvunjika nyonga. Hospitalini walimtengeneza vizuri, lakini daktari alisema asikae peke yake mpaka mguu uzoee kazi tena. Katika watoto wake, mimi ndiye niliye karibu na kliniki, tena sina mume wa kushauriana naye, kwa hiyo jambo hilo liliamuliwa kwa simu moja. Tatizo lilikuwa ngazi. Ninaishi orofa ya juu kabisa, na ploti yetu, kama majengo mengi ya kupanga ya huku, haina lifti.

Siku aliyofika alipanda polepole, akipumzika kila orofa na kusalimia watu milangoni kama mgombea kiti. Alipoketi kwenye kochi langu alisema, "Haya. Huku hata kunguru wanafika wakihema." Tukacheka. Lakini baada ya hapo hakutaka kushuka. Kupanda, alisema, mtu anaona anakokwenda. Kushuka anaona atakapoangukia. Siku za kliniki tu ndipo aliposhuka, ameshikwa huku na huku, uso ameukaza. Mwuguzi wa mazoezi alimwambia azitumie ngazi kila siku. Baba aliitikia kila neno kwa heshima, tukarudi nyumbani, akasema ataanza kesho.

Ilinisikitisha, kwa sababu Baba si mtu wa kukaa. Ujana wake wote aliumaliza Majengo, kwenye banda la wachongaji, akichonga twiga, vifaru na wapiganaji wa Kimaasai wa kuuziwa watalii. Alirudi kijijini alipochoka na mji, na sasa mji ulikuwa umemrudisha, lakini anauona kutoka juu tu. Asubuhi nilimwacha ameketi kwenye kiti cha plastiki barazani, akitazama nguo za watu wa ploti ya mkabala zikipepea. Jioni nilimkuta anajua nani amefua, nani amekopa vibanio vya nani, na shuka lipi limepeperuka mpaka kwa mama wa chapati huko chini.

Kwenye mlango unaotazamana na wangu anakaa mwanamke wa Kiluhya anayefanya kazi kwenye kiwanda cha sabuni. Kiwandani anasimama kwenye mashine ambayo haimruhusu kuzungumza, basi akifika nyumbani maneno yote ya kutwa yanamtoka. Ni msimulizi wa kuzaliwa. Mumewe ni dereva wa lori, mtu mkubwa mwenye sauti iliyozoea kuwaita wapakiaji kutoka upande wa pili wa soko. Jumapili moja baada ya kanisa, jirani alibisha mlango wangu, amebeba bahasha.

"Dada, wewe si hukata stika huko sokoni Muthurwa? Nataka unisaidie na hizi."

Ndani ya bahasha kulikuwa na karatasi za mchezo. Alikuwa ameuona kwenye simu, watu wa mbali wameketi mezani wanacheza na kucheka, akatafuta maelezo yake na kuyachapisha kwenye duka la kompyuta, saiba. Ni mchezo wa kusimuliana. Mmoja ndiye msimulizi, wengine kila mtu ana mhusika wake, katika nchi ya kubuni yenye ngome, majitu na misitu. Ukitaka kuruka ukuta, unarusha dadu. Dadu ndilo linalosema kama umeruka au umevunja meno. Na kila mhusika ana kazi yake: mpiganaji, mpiga upinde, tabibu, mjuzi, mwizi. Kila kazi ina alama yake ndani ya mduara, ndogo kama kifuniko cha soda. Saiba walikuwa wamezichapa na wino uliokaribia kuisha, zikatoka kama michubuko. Jirani alitaka nimtengenezee kadi safi.

Kazi yangu ndiyo hiyo. Natengeneza alama za watu wasio na muda wa kusoma: mkasi na kitana kwa kinyozi, samaki kwa mwenye samaki, mtu wa suruali na mtu wa gauni kwenye milango ya choo. Najua alama nzuri ni ile inayoshikwa na jicho la mtu anayetembea haraka, amebeba gunia. Basi nikazieneza mezani, nikamwita Baba aje azitazame pamoja nami, zaidi kwa ajili ya kumtoa barazani.

"Hebu niambie hawa ni akina nani," nikamwambia. "Usisome chini. Tazama picha tu."

Baba akavaa miwani. Ya kwanza ilikuwa ngao na upanga. "Askari," akasema, na hilo halikuwa na ubishi. Ya pili, upinde. Akatabasamu. "Huyu ni mtu wa kwetu Ukambani." Ya tatu ilikuwa kitabu chenye ndimi za moto juu yake.

"Kitabu kinaungua," akasema. "Kuna mtu wa kukizima?"

"Huyo ni mjuzi, Mzee," jirani akamweleza. "Moto ni ule mwanga wa elimu. Kwenye mchezo wenyewe wanamwita mchawi, na alama yake ilikuwa fimbo yenye nyota, lakini mimi naimba kwaya. Siwezi kutamka mchawi Jumapili."

Ya nne ilikuwa kiganja kilichofunguliwa, kinatoa miale. Kabla Baba hajasema kitu, mume wa jirani, aliyekuwa amesimama mlangoni kwa sababu kochi lilikuwa limejaa, aliinyooshea kidole.

"Hiyo ndiyo yangu. Huyo wa makofi."

"Makofi gani?" mkewe akamuuliza.

"Si huyo ni wa kupiga watu kofi? Angalia, limetoka moto."

Jirani alicheka mpaka akashika ukuta. Huyo ndiye tabibu, akamwambia. Ile miale ni uponyaji unaotoka mkononi. Yule bwana alitazama kadi, akatazama kiganja chake mwenyewe, kipana kama sahani, akafikiri kidogo. "Ni sawa," akasema. "Nimeshachagua, sirudi nyuma." Na kweli hajarudi nyuma mpaka leo. Ni tabibu mwenye bidii sana. Humwuguza hata adui aliyemwangusha mwenyewe.

Ya mwisho ilikuwa mtu asiyeonekana uso, amejifunika kofia ya jaketi, na kisu kidogo mkononi. Baba aliitazama zaidi ya zote.

"Huyu ni nani?"

"Mwizi," nikasema.

"Kwa sababu ya kofia?" akauliza. "Mwezi wa saba watu wote wa Kware wanavaa hivi wakienda kazini. Ungewachukulia wote kuwa wezi."

Nilijaribu kumweleza nilivyojifunza kwenye kazi yangu, kwamba alama haimchori mtu, huchora kitu alichoshika. Baba akakubali haraka, kwa sababu kumbe alikuwa ameishi kwa sheria hiyo hiyo. Alisema watalii hawakuwahi kumtambua Mmaasai kwa uso aliomchonga, hata alipojitahidi na uso huo siku nzima. Walimtambua kwa mkuki. Mkuki ukivunjika safarini, alibaki mtu mwembamba tu, na hakuna aliyemtaka.

Nilizichora upya wiki hiyo, nikakata kadi za plastiki ngumu, na Jumapili iliyofuata tukapanda kucheza juu ya paa. Ni ngazi moja tu kutoka kwangu, na kwa kuwa ni ya kupanda, Baba hakuleta ubishi. Huko kuna tanki za maji, kamba za nguo, na pembe moja yenye kivuli ambapo tuliweka meza ya ndoo na ubao. Jirani alizipanga kadi mbele yetu. Nilichukua ngao na upanga. Mume wake alikuwa na kiganja chake. Jirani akausukuma upinde mbele ya Baba, kwa adabu, kama mtu anayemkaribisha mgeni sehemu yake ya nyama.

Baba akaurudisha. Akachukua mwizi.

"Baba!" nikasema. "Mzee mzima?"

"Ndiyo."

"Kwa nini usichukue upinde? Si ulisema ni wa kwetu?"

Akaiweka ile kadi mbele yake na kuinyoosha vizuri na ukingo wa meza. "Nimesoma zile karatasi," akasema. "Mpiganaji anangoja vita. Tabibu anangoja mgonjwa. Huyu peke yake ndiye anayeweza kufungua mlango na kutoka bila kumwambia mtu."

Mimi nilijifanya nalitafuta dadu. Nilikuwa nimedhani anafurahia kutazama nguo.

Basi akawa mwizi, na mwizi gani! Nyumbani anaogopa ngazi za saruji zenye vyuma vya kushikilia, lakini ndani ya mchezo alishuka kwenye minara kwa kamba, akapita chini ya meza ya karamu, akafungua kufuli kwa mfupa wa samaki. Alitaka kujua kila kitu kabla ya kurusha dadu. Mlango ni wa mti gani? Bawaba ziko ndani au nje? Zimepakwa mafuta? Jirani, ambaye mwanzoni alikuwa akisimulia mlango kama mlango tu, alianza kuja amejiandaa kama mwanafunzi wa mtihani. Nami niliporudi kutoka kazini katikati ya wiki, nilimkuta Baba anatembea barazani, kutoka kwangu mpaka mwisho wa orofa na kurudi, anafikiria jinsi ya kuingia kwenye ghala la mtawala mmoja mkatili ambaye alikuwa amefungia mtama wa kijiji kizima.

Jumapili ya ghala hilo ndiyo ninayotaka kuisimulia.

Ilikuwa alasiri ya jua zuri, kila familia ya ploti iko nyumbani, milango imefunguliwa, redio zinaimba nyimbo za injili kila moja na wimbo wake. Mwizi wa Baba alikuwa ameshapenya ghalani. Alirusha dadu, likaanguka vibaya, na jirani akashusha sauti: mlinzi ameamka, anamjia kwa nyuma, Mzee hamwoni. Mume wake, tabibu, alikuwa nje ya ghala katika mchezo, na alihisi lazima afanye kitu. Akasimama. Akavuta pumzi ile ile anayovuta sokoni.

"Mwizi!" akanguruma. "Mwizi! Kimbia! Pitia kwa ngazi! Mwizi, kwa ngazi!"

Redio ya kwanza ilizimwa. Kisha ya pili. Jirani alimshika mumewe mkono, macho yamemtoka, naye akabaki mdomo wazi, ameshaelewa. Huko chini tulisikia mlango ukigongwa ukutani, halafu miguu. Miguu mingi, inapanda.

Yeyote aliyekulia mitaa hii ya Eastlands anajua neno hilo lina uzito gani. Halifanyiwi mzaha. Nimewahi kuona mtaa mzima ukiachia sufuria jikoni kwa ajili yake, na nimewahi kuona vilevile alivyokuwa aliyekamatwa, na sikupenda. Nikaangalia ngazi, nikamwangalia Baba kwenye kiti chake na mkongojo wake. Nilitaka kusema tuwaambie ni mchezo, lakini walikuwa wameshafika.

Wa kwanza kutokea alikuwa mama wa chapati, ana mwiko mkononi wenye mafuta bado yanadondoka. Nyuma yake kijana wa orofa ya pili na rungu. Nyuma yake mtu aliyenyolewa upande mmoja wa kichwa, shuka la kinyozi lingali shingoni. Kisha wengine, nao wameshika walichokiona karibu: ufagio, kifuniko cha sufuria, kiatu. Msimamizi wa ploti alitokea mwisho, anahema, mkufu wa funguo ukilia kiunoni.

"Yuko wapi?" wakauliza wote kwa pamoja.

Mume wa jirani alinyoosha mikono ili awatulize. "Tulieni, tulieni. Mwizi ni..." Na mkono wake, pasipo yeye kujua, ukaelekea kwa Baba.

Watu wakamtazama Baba. Baba akawatazama. Kisha, kwa sauti ya mtu anayejitambulisha kwenye harusi, akasema:

"Ni mimi."

Nilijikuta nimesimama mbele yake. Baadaye walinicheka sana kwa hilo, kwa sababu nilikuwa nimeinua kadi yangu ya ngao mbele ya uso, kipande cha plastiki kisichoweza kumzuia hata nzi. Wakati huo sikuona kichekesho chochote.

"Mzee?" mama wa chapati akasema, akishusha mwiko. "Wewe umeiba nini?"

"Funguo za ghala," Baba akamjibu. "Sijatoka bado. Kuna mlinzi nyuma yangu."

Mtu wa nusu ya nywele alitazama nyuma ya Baba kwa uangalifu. Kulikuwa na suruali ya mtu kwenye kamba. Mahali fulani katika kundi lile mtu mmoja akaangua kicheko, kisha mwingine, na ndipo nikaishusha kadi yangu. Jirani alijipenyeza katikati, akaeleza kila kitu kwa haraka: mchezo, dadu, nchi ya kubuni, mtawala na mtama aliowafungia watu wenye njaa. Aliwaonyesha kadi. Zikapita mkono kwa mkono, na nikasikia tena, kama kwetu siku ile mezani, watu wakizisoma kila mmoja kwa macho yake. Kiganja kikaitwa "wa trafiki." Kitabu cha moto kikaitwa "mtihani umeahirishwa." Kadi ya mwizi ilipofika kwa kijana wa rungu, aliitazama muda mrefu. Yeye mwenyewe alikuwa amevaa jaketi la kofia.

"Lakini huyu ni mimi," akasema.

Watu walicheka, ila yeye hakucheka sana, nami nikaona haya kidogo, maana mimi ndiye niliyeichora.

Msimamizi wa ploti alichukua kadi hiyo kutoka kwake. Ni mtu mpole, lakini alikuwa amepanda orofa zote hizo mbio na hakuwa tayari kucheka.

"Sikilizeni," akasema. "Chezeni mnavyotaka, paa si langu. Lakini neno hilo halitatajwa tena huku juu. Leo mmebahatika ni Mzee. Siku nyingine atakuwa mgeni amekuja kusalimia mtu, na hakuna atakayeuliza habari za mtama. Mbadilisheni jina. Na hii picha pia."

Alikuwa na haki, na sote tulijua. Nilidhani baada ya hapo watu watashuka, lakini walikuwa wameshafika, jua lilikuwa zuri, na swali lilikuwa limewashika. Mama wa chapati akaketi juu ya ndoo iliyogeuzwa. Tumwite nani basi? Mtu anayeingia mahali pasipo ruhusa, kimya kimya, lakini kwa nia njema? Mmoja akasema mjanja. Wengine wakakataa, mjanja ni wa kuuza simu mbovu. Jirani akasema mnyatiaji, na neno likakaa vizuri mdomoni, likapita.

Alama ndiyo iliyotushinda. Nilisema nitachora ufunguo, na wote wakageuka kumtazama msimamizi wa ploti na mkufu wake.

"Huo ni wangu," akasema. "Mkichora huo, watu watakuja kuniuliza maji yanafunguliwa saa ngapi."

Kijana wa rungu akataja paka. Mama mmoja akasema paka juu ya paa hana habari njema, na jirani yangu wa kwaya akaunga mkono. Panya alikataliwa kabla jina lake halijaisha kutamkwa. Ndipo mama wa chapati alipoanza kucheka peke yake.

"Mnasumbuka bure," akasema. "Mimi nina mnyatiaji nyumbani. Akitoka kutazama mpira, anapanda hivi."

Akasimama. Akavua malapa yake, akayashika mkono mmoja, yananing'inia kwa vidole viwili, akainua magoti kama korongo na kupita mbele yetu kwa ncha za miguu, ameng'ata midomo, macho yakizunguka mlango kwa mlango. Paa zima lilipasuka kwa vicheko. Si kwamba aliigiza vizuri tu, ingawa aliigiza vizuri. Ni kwamba hapakuwa na mtu juu ya paa lile ambaye hajawahi kupanda ngazi zile na viatu mkononi: anayemkwepa mama yake, anayemhurumia mtoto aliyelala, anayetoka zamu ya kiwandani wenzake wamepumzika. Hata msimamizi wa ploti aligeuza uso kuficha meno.

Nilichukua kalamu na kugeuza kadi ya mwizi upande wa nyuma. Mkono, vidole viwili, jozi ya malapa yanayoning'inia. Mistari michache sana. Nikaiinua juu, na kutoka kule nyuma kabisa, ambapo mtu asingeweza kuona zaidi ya umbo lenyewe, nikasikia mtu akisema, "Eeh! Huyo sasa!" Katika kazi yangu hakuna sifa inayozidi hiyo.

Kijana wa rungu akaweka rungu chini na kuuliza kama kuna nafasi ya mchezaji mwingine. Mama wa chapati akasema na yeye yupo, ila kwanza akaepue zilizo jikoni, kama kuna iliyobaki ya kuepuliwa. Tukamaliza ghala siku hiyo mbele ya watazamaji. Baba alirusha dadu, mlinzi akajikwaa, mtama ukatoka, na ploti yetu ikapiga makofi mpaka ploti ya mkabala wakatoka barazani kuuliza tumeshinda nini.

Kilichofuata sikukitarajia. Jumatatu asubuhi Baba aliniambia kadi zangu ni nzuri lakini hazina uzito. Upepo wa juu ya paa unazichukua. Alitaka kuzichonga kwenye mti. Alihitaji jakaranda iliyokauka vizuri, msasa, na patasi ndogo, na vitu hivyo, alisema, mimi siwezi kumnunulia kwa sababu nitauziwa kuni.

"Kwa hiyo?" nikamuuliza.

"Kwa hiyo nitakwenda Majengo."

Sikutaka kumwonyesha furaha yangu, asije akabadili nia. Nilisema sawa, kama mtu aliyeambiwa habari za chumvi. Mume wa jirani alikuwa na safari ya Gikomba siku hiyo, akasema atambeba mpaka mlangoni mwa banda. Walishuka pamoja, yule bwana ngazi moja mbele, mgongo wake mkubwa umeziba kila kitu, ili Baba akitazama chini asione shimo, aone shati. Kila orofa mtu alitoka kumsalimia. "Mnyatiaji, leo mchana kweupe?" Niliwafuata kwa masikio mpaka nikasikia mlango wa lori ukifungwa.

Alirudi jioni na mfuko wa vipande vya jakaranda, amekula, amebishana na wachongaji wenzake wa zamani, na amepakwa vumbi la mti mpaka kwenye nyusi. Alipanda bila kupumzika orofa mbili za mwanzo. Wiki iliyofuata alikwenda tena, na ile iliyofuata. Mwuguzi wa kliniki alimsifu kwa kufuata ushauri. Baba alimshukuru kwa ushauri huo, bila haya hata kidogo.

Sasa tuna alama za mti, mviringo, zinazojaa kiganjani. Kuzichonga kulitugombanisha kwa namna niliyoipenda. Nilikuwa nikimchorea, naye akinirudishia mchoro na kusema mstari huu ni mwembamba, mti utapasuka hapa. Au malapa haya yako hewani, mti haujui hewa. Nikapunguza. Naye alitaka kuweka kucha kwenye vidole na mishono kwenye ngao, nami nikamwambia kucha hazionekani kutoka upande wa pili wa meza. Akapunguza. Kitabu cha mjuzi hatukukiafiki kabisa. Moto wa mti ulitoka kama mchicha.

Mama wa chapati ndiye mjuzi wetu siku hizi, na alikikataa kitabu tangu mwanzo. Alisema yeye hajasoma sana, lakini katika ploti hii hakuna asichokijua, na hakukipata kitabuni. Tukamuuliza alikipataje. Akavuta ncha ya sikio lake.

Sasa Baba anachonga sikio. Anasema twiga elfu ni rahisi kuliko sikio moja. La kwanza lilitoka kama mandazi. Kijana wa rungu aliulizwa ni nini, akasema ni chai ya saa nne. La pili lilikuwa afadhali, ila mama wa chapati alisema hilo ni la mtu asiyesikia vizuri. Basi Jumamosi hii sikwenda Muthurwa mapema. Baba aliniketisha kwenye kiti cha plastiki barazani, ubavu kwa mwanga, akanirudisha nywele nyuma kwa mkono wenye vumbi la mti, na kunitazama kwa umakini ambao sikumbuki kama aliwahi kunitazama nao nikiwa mtoto, maana siku hizo alikuwa Majengo, na sisi kijijini.

"Lako lina mkunjo mzuri," akasema. "Ni la mama yako. Sikuwa nimeona."

Patasi ikakwaruza. Chini, mtu aliitwa mnyatiaji, na nikashindwa kujizuia.

"Usicheke," Baba akasema. "Ukicheka sikio linapanda."